Mgodi Una Siku ya Kufungwa

Jumatano ya tarehe 30 Oktoba 2019, Simba ilishuka Shinyanga ikiwa bingwa mtetezi, haijapoteza hata mchezo mmoja wa ligi msimu ule. Watu wa nje ya mji walikuwa wanabishania idadi ya mabao tu. Jioni ilipofika, pale CCM Kambarage, Mwadui ilikuwa imeshinda 1-0, na mfungaji alikuwa Gerald Mathias Mdamu. Usiku ule bodaboda wa mjini hawakuwa na habari na nauli. Ukipanda unasimuliwa bao, ukishuka unasimuliwa tena. Sisi watu wa Shinyanga tumezoea kuwa mahali pa kupita mtu akienda Mwanza. Siku ile nchi nzima ilitutazama, na aliyeigeuza shingo ni kijana mmoja aliyevaa jezi ya timu ya mgodi wa almasi.

Haikutimia miaka miwili. Julai 2021, Mdamu akiwa amehamia Polisi Tanzania, basi la timu lilipata ajali Moshi wachezaji wakitoka mazoezini, na yeye akavunjika miguu yote miwili. Hapakuwa na beki wa kumlaumu kwa rafu, wala mwamuzi, wala uwanja mbovu. Mtu ametoka kazini kwake, amekaa kwenye kiti cha basi na jasho lake, pengine anawaza chakula au simu ya nyumbani, na miguu iliyoangusha bingwa inavunjika akiwa amekaa.

Tangu habari ile nautazama mpira wa huku kwetu kwa namna nyingine. Mabao bado nayapenda, na Kambarage bado naenda, nanunua karanga zangu za kukaanga, napiga kelele mpaka sauti inakauka. Ila kila anapoinuka kijana mpya na jukwaa zima likaimba jina lake, najikuta namtazama magotini. Nawaza huyu amejipangaje na siku ambayo haya yataisha.

Inanisumbua kwa sababu ukanda wetu ndio uliopaswa kulijua jambo hili kuliko ukanda mwingine wowote nchini. Kuanzia Maganzo na Mwadui, upite Kahama na Kakola, mpaka Nyarugusu, Mgusu na Geita mjini, tumelelewa na vitu vinavyoisha. Kila mtoto wa huku ameona rashi: leo watu elfu wamejaa porini, mahema, muziki, wauza supu, dhahabu inatoka kila duara; mwakani unapita hapo unakuta mashimo na mbuzi. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, na mji ukakaa zaidi ya miaka thelathini kabla mgodi mpya haujafunguliwa mwaka 2000. Wazee wa Geita wanaijua ile nafasi ya katikati. Walizaa, wakalima pamba na mihogo, wakazika, mji ukiwa umesahauliwa.

Kwa hiyo siku hizi sheria imejifunza. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake, kampuni inayotaka kuchimba kwa leseni kubwa haiji na ramani ya dhahabu peke yake. Inatakiwa ieleze na mwisho utakuwaje: mashimo yatafanywa nini, ardhi itarudishwaje, maji yatalindwa vipi, na dhamana ya fedha ya kazi hiyo itakaa wapi. Mgodi haujatoa gramu moja, tayari watu wako mezani wanajadili kufungwa kwake. Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Kwa kuwa siku ile ilijulikana mapema, serikali na kampuni walikaa wakapanga eneo lile liwe la viwanda, eneo maalumu la kiuchumi. Sisemi kila kitu kimekwenda vizuri. Waliopoteza ajira Kahama wanayajua machungu yao. Nasema watu walikaa mezani kabla ya wakati.

Miaka kumi na miwili ya Buzwagi ndiyo pia miaka ya mchezaji mwenye bahati. Akiingia Ligi Kuu ana miaka 20 akafika 32 goti halijamsaliti, akatoe sadaka. Wengi hawafikishi nusu yake. Lakini siku anaposaini mkataba wa kwanza utaona mezani kalamu, jezi yenye namba, mpiga picha, viongozi wanatabasamu. Karatasi ya ufungaji haipo. Hakuna hata mmoja pale mezani, wakiwemo wazazi wake, anayeuliza: huyu akimaliza anakuwa nani?

Mtazame George Mpole. Msimu wa 2021/22 ulikuwa wa kwanza kwa Geita Gold katika Ligi Kuu, na ulianza kwa shida mpaka kocha akabadilishwa. Fred Felix Minziro akaichukua timu ile, ikanyanyuka, ikamaliza nafasi ya nne. Mpole akafunga mabao 17 na kumpita kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga, tena Yanga ile iliyomaliza ligi bila kufungwa. Kiatu cha mfungaji bora kikaja Geita, kwenye mkoa uliozaliwa mwaka 2012 tu. Juni hiyo hiyo akaifungia Taifa Stars dhidi ya Niger, mchezo uliopigwa Benin. Kisha akavuka mpaka kwenda kuichezea Lupopo ya Lubumbashi, kwenye mji mwingine unaoishi kwa kuchimba.

Na Geita Gold? Iliingia Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan, na mwisho wa msimu wa 2023/24 ikashuka daraja. Misimu miwili tu kutoka nafasi ya nne. Mpole simjui, hatujawahi kusalimiana hata kwa mbali, lakini nampa heshima yake. Mabao 17 yana soko la muda mfupi sana, na yeye aliingia sokoni yakiwa bado ya moto. Wako waliobaki wakisubiri msimu mwingine kama ule.

Stand United nayo, ile Chama la Wana, jina lake lilitoka stendi ya mabasi ya Shinyanga. Ni timu ya watu wa stendi kwelikweli, na ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 mji ulijiona umefika. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha Bulyanhulu na Buzwagi. Fedha ilipoingia, nyumba ikagawanyika. Upande mmoja ukaitwa Kampuni, mwingine Wanachama, na mvutano wao ukaufukuza udhamini mwaka 2016. Mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Mwaka huo huo Acacia yenyewe ikachukuliwa na Barrick, na jina lake likaondoka kwenye mageti. Mwadui nayo ikashuka mwaka 2021. Fikiria mchezaji aliyekuwa katikati ya hayo yote. Kwenye Kampuni hakuwa na kiti, kwenye Wanachama hakuwa na kura. Alikuwa na miguu yake, na kila mwaka wa mgogoro ulikuwa mwaka wa miguu ile.

Mmoja wa vijana wa ligi za chini za huku nilimkuta Katoro, kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa winga wa kushoto, mwepesi, na ndondo zote, zile mechi za mtaani za kugombea zawadi, kuanzia Geita mpaka Runzewe zilimjua. Beki akisikia yuko uwanjani alikuwa anafunga kamba za daluga mara mbili. Aliyeniita ni yeye. Mimi nisingemtambua, maana alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia nywele hadi kope, na kitambaa kimeziba pua na mdomo.

"Shikamoo kaka. Umenisahau?"

Ilibidi tusogee mbali na injini ndipo tusikizane. Karasha likizunguka, zile gololi za chuma ndani yake zinapiga kelele ambayo unaisikia kifuani. Kazi yake ni kulisha mawe: anachukua kiroba, anakibeba, anamimina, anarudi. Nikamtazama anavyobeba. Uzito wote anaupeleka mguu wa kulia, na akitaka kugeuka anageuka mwili mzima kama mlango, kwa sababu goti la kushoto halizunguki. Alipandisha suruali akanionyesha. Amelifunga na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa vizuri, kimezungushwa mara tatu na ncha kuchomekwa ndani.

"Hii ndiyo bima yangu, kaka," akasema, akaligonga kidogo kwa kidole.

Aliumia kwenye ndondo, fainali ya kugombea ng'ombe. Wakati huo alikuwa na mkataba na klabu moja, klabu ilikuwa na miezi haijalipa, akaenda ndondo kutafuta hela ya kula. Alipoanguka, klabu ikasema ameumia nje ya kazi, haimhusu. Wenye ndondo wakamchangia nauli na dawa za maumivu. Hiyo ndiyo hadithi yote, na atakayeisoma kutoka Kahama, Bariadi au Sengerema atadhani namsema mtu wa kwao.

Nilitegemea amlaumu mtu. Badala yake alisema neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo. "Kaka, mimi siililii goti. Goti ni ajali. Mimi nalilia ile michana. Miaka minne, asubuhi mazoezi ya saa mbili, jioni ya saa mbili, katikati tumelala geto tunaangalia mikeka ya kubeti kwenye simu. Miaka minne ya mchana, kaka. Ningekuwa fundi wa kitu."

Nimeifikiria sana ile michana. Katika mambo yote tunayosema kuhusu wachezaji wetu, nidhamu, pombe, wanawake, ushirikina, sijasikia mtu akisema habari ya mchana. Mchezaji wa ligi zetu anafanya kazi saa chache kwa siku na anatakiwa kupumzika sehemu ya saa zilizobaki, hilo ni kweli, mwili hauna mjadala. Lakini kati ya kupumzika na kulala mchana kutwa miaka minne kuna nafasi ambayo mtu anaweza kujifunza kuchomelea, umeme wa magari, uhasibu mdogo, Kiingereza, ukocha wenyewe. VETA ipo Shinyanga. Simu ile ile ya kuwekea mkeka inaweza kufundisha. Klabu ikitaka, inaweza kusema: saa nane hadi saa kumi kila Jumanne na Alhamisi, kambi nzima darasani. Haihitaji mdhamini wa mabilioni. Inahitaji kiongozi mmoja anayeamini kwamba mchezaji ataishi baada ya mkataba.

Mchezaji mwenye mpira na kazi si jambo jipya. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, waliishi wachezaji walioupata mpira kwenye nchi ya dhahabu kama sisi. Wale wa Australia wana kabumbu yao: mpira wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, na goli halina wavu wala mlingoti wa juu. Ulikulia jimbo la Victoria, jimbo lililotajirishwa na rashi za Ballarat na Bendigo kuanzia mwaka 1851. Mambo yalipoharibika huko, benki zikafunga milango mwaka 1893, vijana wengi wakakimbilia magharibi, Coolgardie na Kalgoorlie, ambako dhahabu ilikuwa ndiyo kwanza imeonekana, wakaenda na mpira wao begani. Watu wa Katoro wangewaelewa bila mkalimani.

Kati ya wachezaji wa zama zile yuko mmoja ninayempenda, Vic Cumberland. Alichukua ubingwa na Melbourne mwaka 1900. Akachezea St Kilda, akahamia Adelaide kuichezea Sturt na mwaka 1911 akapata medali ya Magarey, ya mchezaji bora wa ligi ya huko. Akarudi St Kilda, akaenda Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa, akarudi nyumbani, na mwaka 1920 akavaa tena jezi ya St Kilda akiwa na miaka 43. Mpaka leo hajatokea mchezaji mkubwa kwa umri kumzidi katika ligi ya Victoria. Alifariki mwaka 1927, kwa ajali ya pikipiki. Nilipofika hapo nikamkumbuka Mdamu na lile basi, ingawa yeye, namshukuru Mungu, alitoka hai. Barabara haimjui mfungaji wala mpiganaji.

Lakini kinachonivuta kwa watu wa zama za Cumberland ni utaratibu wa maisha yao. Ligi ya Victoria iliruhusu rasmi mchezaji alipwe mwaka 1911 tu. Kabla ya hapo, kwa kanuni, mchezaji alikuwa mtu mwenye kazi: Jumamosi uwanjani, Jumatatu karakana, shambani, ofisini au shimoni. Kanuni ile ilikuwa na unyonyaji wake, maana viingilio vililipwa na mtu fulani alivila, na wapo waliolipwa kwa siri. Sitamani irudi, mchezaji alipwe na alipwe vizuri. Ila goti la mtu wa namna ile likikatika, Jumatatu bado ina mahali pa kumpeleka.

Na sisi tuliwahi kuwa na kitu kinachofanana na hicho. Kabla ya miaka ya 1990, timu nyingi za nchi hii zilikuwa za mashirika na vyama vya ushirika: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, Bandari, na Mwadui yetu ndani ya uzio wa mgodi ule ambao John Williamson, yule mwanajiolojia wa Kanada, aliugundua mwaka 1940. Mchezaji alisajiliwa kwa kuajiriwa. Alikuwa na kitambulisho cha kazi, namba ya mfanyakazi, na bosi asiyejua mpira.

Mjomba wangu ni mtu wa zama zile. Asubuhi fundi mitambo, jioni beki wa kati. Sasa ana mvi kichwa kizima, anaishi Maganzo, na chini ya mwembe wake kuna pampu za maji za wachimbaji wadogo zimepangwa foleni kama wagonjwa wa zahanati. Vijana wanamletea kutoka mashimoni zimeziba matope, yeye anazifungua, anazisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, anasikiliza mlio, anakata bei. Nilimuuliza kama anaukumbuka mpira.

"Ng'wanawane, naukumbuka sana," akasema bila kuacha kazi. "Jina nililipata uwanjani. Ila nyumba hii niliijenga na spana."

Nisiyasifu mashirika kupita kiasi. Yalipobinafsishwa na mengine kufa, wachezaji wengi waliachishwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Mjomba anasema waliosimama ni wale walioajiriwa kazi ya kweli wakaifanya kweli. Wenzake waliopewa ukarani wa jina, waliokuwa wanasaini daftari asubuhi na kwenda kulala ili wasichoke, walitoka na mikono mitupu kama wachezaji wa leo. Kwa hiyo hata pale suala halikuwa ajira. Suala lilikuwa zile saa za mchana zilifanyiwa nini.

Ndani ya nyumba yake kuna picha ya timu, nyeusi na nyeupe, imepigwa mbele ya jukwaa la mbao. Watu kumi na mmoja, watano wamechuchumaa, mpira katikati umeandikwa mwaka kwa chokaa lakini tarakimu ya mwisho imefutika. Aliniwekea kidole kwenye kila uso akataja jina, namba, kabila, na namna alivyokuwa anapiga. Alipofika kwa wawili wa mwisho kulia akanyamaza, akasogeza picha dirishani, akasema huyu wa kwanza alikuwa anatoka Meatu na alikuwa na mwanya, wa pili alikuwa kipa wa akiba, basi. Majina yamemtoka. Na mwingine wa kumuuliza hayupo, kwa sababu katika picha ile yeye ndiye aliyebaki.

Hili linaniuma kuliko nilivyotegemea. Cumberland alicheza zaidi ya karne moja iliyopita, na umri wake wa siku ya mwisho uwanjani unajulikana kwa miaka na siku, kwa sababu kuna watu waliona inafaa kuandika. Wa kwetu wa miaka ya 1970 na 1980, waliocheza mbele ya maelfu, wako kwenye vichwa vya wazee wanaokufa kimya kimya. Uwanja wa Kambarage umebeba jina la Mwalimu Nyerere, na ni sawa. Ukutani, pale chini ya jukwaa kuu, kuna nafasi ya kutosha majina ya kila aliyewahi kuichezea timu ya mkoa huu. Kopo la rangi na fundi wa kuandika mabango havizidi posho ya kikao kimoja. Jina lililoandikwa halimlishi mtu, najua. Lakini mzee anayepita na mjukuu wake akalionyesha kwa kidole anakuwa amelipwa kitu ambacho klabu haikumlipa.

Tuligeuza ile picha, mjomba akaniambia, mimi nikaandika nyuma yake kwa penseli majina yale tisa. Kwa wale wawili nimeandika "wa Meatu, mwenye mwanya" na "kipa wa akiba". Kama kuna msomaji mwenye baba au babu wa namna hiyo aliyechezea timu ya mgodi, nyumba ya mjomba iko wazi.

Sasa yuko kijana wa mtaani kwetu, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza namba nane, na anacheza vizuri kiasi kwamba watu wazima wanakwenda kutazama mazoezi. Klabu moja imemtaka kwenye timu yake ya vijana. Baba yake, mwendesha bajaji, alikuja kwangu na fomu kwa sababu anajua nasoma makaratasi. Ilikuwa na kurasa mbili na sehemu ya kusaini. Tulikaa sebuleni na mama yake, na kijana mwenyewe kwenye stuli karibu na mlango, miguu haitulii.

Nilimuuliza baba swali la mgodi: akimaliza anakuwa nani? Akacheka kwanza, akadhani natania, kisha akamtazama mkewe. Aliyejibu ni mama. Akasema, "Shemeji, andika amalize kidato cha nne. Na wakimchukua likizo wamrudishe tarehe ya shule kufunguliwa." Nikaandika. Baba akasema andika na ufundi, yeye mwenyewe angependa kijana ajue umeme wa magari, na klabu imruhusu mchana kwenda kujifunza. Nikaandika. La tatu nililiongeza mimi, nikawasomea mara mbili: akiumia akiwa na timu, mazoezini, uwanjani au ndani ya basi, klabu imtibu mpaka apone, na akifikia kulipwa mshahara aandikishwe kama mfanyakazi mwingine yeyote, ili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umtambue kama unavyomtambua anayeumia mgodini. Mfuko huo umekuwepo tangu mwaka 2015. Shida ni mtu kuwa kwenye orodha. Kijana alitaka kujua kama kuandika yote hayo hakutawafanya wamuache. Mama yake akamwambia wakimuacha kwa hayo, basi walikuwa hawajamtaka yeye, walitaka miguu.

Tulipeleka fomu Ijumaa, ikiwa na karatasi ya tatu iliyobanwa kwa pini. Jibu limekuja. Shule wamekubali, na kujifunza umeme wamekubali, tena katibu wao amesema watawauliza na wazazi wa wengine kama wanataka hivyo hivyo. Kuhusu matibabu wamesema watalipeleka kwenye kikao cha kamati. Baba amekataa kusaini mpaka kikao hicho kikae, na mimi nimemwambia tutakwenda wote siku hiyo.